Mambo Yasiyo Kwenye Hati

Hati inasema: thumuni ya ekari,
nambari, mipaka minne,
na miaka hamsini na moja iliyobaki.
(Nitakuwa na tisini na tatu. Nilihesabu papo hapo.)
Wakili akaisoma kwa kidole,
nasi tukatikisa vichwa
kama waumini wa dini wasiyoijua lugha yake.

Miaka kumi na mmoja ya chama, ya Sacco,
ya kumwambia mama, "Krismasi hii siji, tunatafuta saruji,"
na saruji yenyewe hatukununua hata mfuko.
Tulinunua kuta za wengine, hapa Otiende,
kuta zilizokwisha kupasuka zilipotaka kupasuka
zikatulia.

Bi. Nyanchama alitukabidhi funguo kumi na saba.
Tatu tu ndizo zilikuwa na milango.
Na hizi nyingine?
"Zitupeni," akasema, "ndipo mtaiona milango yake."
Alikuwa muuguzi. Bado anabana saa kifuani,
kichwa chini miguu juu, juu ya sweta,
na akatuzungusha nyumba nzima
kama anayekabidhi wodi zamu ikiisha:

Huyu bomba hukohoa saa kumi na moja alfajiri. Mwache.
Huyu dirisha ana baridi yabisi, msimlazimishe mwezi wa saba.
Maji ya kaunti huja Jumanne usiku,
na Ijumaa yakijisikia.
Mparachichi mwaka mmoja huzaa, wa pili huringa.
Mizizi ya jakaranda imeingia shimo la choo,
msiukate mti, mpigieni Odero.

Odero ni nani?

"Odero ni Odero."

Nikasikia: huyu bomba, huyu dirisha.
Si hili.
Mumewe alifia chumba cha nyuma, tuliambiwa na dalali
kwa sauti ya mtu anayepunguza bei.
Yeye hakukigusia. Alipofika pale
alifungua pazia tu, akatazama saa yake, akafunga.

Siku ya tatu, juu ya ua wa kayaba,
kofia ya sufi, halafu macho.
"Ghorofa ngapi?"
Hiyo ndiyo iliyokuwa hodi ya Bwana Gichohi.
Ng'ambo ya barabara, kwa kina Mutisya,
palipokuwa na nyumba kama yetu pana ghorofa nane sasa,
kivuli chake huwasili kwenye sukuma zake saa nane kamili
kama mdai.
Hatubomoi, nikasema. Tumekuja kukaa.
"Wote husema hivyo," akasema,
akazama nyuma ya miiba.

Jioni, geti likagongwa.
Kijana, na ngazi ya mbao begani,
kidato cha nne hakipo.
"Babu anasema aliiazima mwaka wa El Nino.
Anasema si ya mama aliyehama,
ni ya nyumba."

Lusweti akaiegemeza kwenye mparachichi unaoringa.
Tukaitazama kwa muda mrefu kuliko ngazi inavyostahili.

Usiku, ndege ya mwisho ya Wilson ikishapita,
kitu kikapiga mayowe juu ya jakaranda,
kikikwaruza, kikipanda,
kama mlango usiojua mafuta miaka arobaini.
Lusweti wima, panga mkononi, mguu mmoja ndani ya suruali.
Nikampigia Bi. Nyanchama, Nyamira, saa saba usiku.
Akacheka hadi simu ikakatika, akapiga tena:
"Perere huyo! Ni mnyama mdogo, hata paka humshinda.
Nilimsahau. Ananiulizia?"

Sikulala. Nilihesabu funguo gizani, zile kumi na nne,
nikazirudisha kwenye droo.
Deni letu lina miaka kumi na minane ya kuishi,
nalo lilikuwa limelala fofofo.

Saa kumi na moja, ndani ya ukuta,
bomba likakohoa.
Lusweti akaanza kuinuka.
Nikamwekea mkono kifuani,
mahali ambapo saa ingekaa:

Mwache.